Maswali na Majibu: Servo ya mafuta inanguruma, injini haizimiki

SWALI: Wataalamu, nimefunga injini ya glo (ile ya plagi yenye waya unaobaki mwekundu kwa joto) ya cc 7.5 kwenye ndege yangu ya mfano. Stiki ya mafuta ikifika juu kabisa servo, mota ndogo inayovuta waya wa kabureta, inanguruma, betri ya ndegeni inaisha upesi, na nikishusha trimu (kitufe cha kurekebisha stiki kidogo kidogo) yote, injini haizimi. Nianzie wapi?

JIBU: Usianzie kwenye rimoti. Servo yako inaendelea kusukuma wakati rola, kile kipande kinachozunguka ndani ya kabureta, kimeshagota. Pima kutoka katikati ya kila mkono hadi tundu la waya. Ukikuta mm 12 kwenye servo na mm 9 kwenye kabureta, tatizo ndilo hilo: rola inamaliza safari yake mapema. Hamishia waya tundu la ndani kwenye servo, au la nje kwenye kabureta. Wengi hupunguza asilimia ya safari ya servo kwenye rimoti mpaka kelele ikome. Itakoma kweli, ila ukiteremka sana utapoteza ulaini wa stiki, hasa stiki ya mafuta ikiwa chini.

Sasa toa propela, na plagi isiwe na moto. Weka stiki na trimu katikati, asilimia 100 pande zote mbili. Funga mkono wa servo ukiwa mraba (nyuzi 90) na waya, rola ikiwa nusu wazi, mkono wa kabureta nao mraba. Panda juu kabisa: chungulia mdomo wa kabureta, ukingo wa rola usionekane. Shuka chini, trimu ikiwa katikati: uwazi ubaki kama mm 1, hapo ndipo sailensa, yaani mzunguko wa chini wa injini bila kuzima, itakapokaa. Shusha trimu yote: uwazi uzibe kabisa. Usipoziba, huenda skrubu ya kuzuia rola inakatiza njia. Ilegeze kidogo kidogo, lakini usiitoe, maana kwenye kabureta nyingi ndiyo inayoishikilia rola isichomoke. Mabaki ya mm moja au mbili sasa yamalizie kwa asilimia za rimoti.

Sailensa ikipanda na kushuka yenyewe, shika waya uutikise. Unaopinda ndani ya mrija unahitaji mrija ugundishwe kwenye kila ubao wa kiunzi unaopitia. Kishikio cha plastiki kwenye ncha ya waya kivalishe kipande cha mpira wa mafuta kisifunguke kwa mtikisiko.

SWALI: Nahamia injini ya petroli yenye plagi ya cheche. Waya wangu wa chuma utafaa?

JIBU: Hapana. Chuma kinachounganisha kabureta na servo hupitisha kelele za umeme wa cheche hadi kwenye risiva, kipokea mawimbi cha ndegeni. Tumia fimbo ya nailoni yenye viungo vya plastiki. Fimbo ya kaboni nayo hupitisha umeme, isikudanganye kwa wepesi wake. Kisha panga rimoti ishushe mafuta hadi chini mawimbi yakikatika, na ujaribu kwa kuizima rimoti, ndege ikiwa imefungwa imara chini.