Oveni kuzidisha joto
Keki kuungua nje na kubaki mbichi ndani, mara nyingi ni oveni kuwa na moto kuliko namba uliyoweka. Weka kipimajoto cha oveni kwenye wavu wa katikati, washa 180°C, subiri nusu saa (taa ya kuonyesha oveni inapasha joto kuzimika hakutoshi kabisa). Kisha soma kupitia kioo, bila kufungua mlango, mara nne au tano kila baada ya dakika 10, utafute wastani. Usiamini kipimo kimoja, maana themostati (kifaa kinachodhibiti joto la oveni) huwasha na kuzima, joto likipanda na kushuka muda wote. Wastani ukiwa 200, ukitaka 180 weka 160. Oveni nyingi za kidijitali hukuruhusu kusahihisha tofauti hiyo kwenye mipangilio. Soma kijitabu chake.