Komando ni Komando? Maswali Yenu Kuhusu Vikosi Maalumu

Kati ya SAS, Navy SEALs na Delta Force, nani kiboko?

Swali hili haliishi, na jibu langu huwaudhi mashabiki: kila kikosi kiliundwa kwa kazi yake. SAS ya Uingereza ilizaliwa mwaka 1941 katika jangwa la Afrika Kaskazini, David Stirling akitaka watu wachache wa kupenya nyuma ya adui na kulipua ndege zikiwa bado zimeegeshwa. SEALs wa jeshi la majini la Marekani, walioanzishwa 1962, ni warithi wa wapiga mbizi waliosafisha vizuizi fukweni katika Vita Kuu ya Pili. Delta, nayo ya Marekani, ilianzishwa 1977 hasa kwa ajili ya magaidi na mateka. Siku hizi kazi zao zinaingiliana sana. Mwaka 2011 SEALs ndio waliomvamia Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistan, mbali kabisa na bahari.

Nasikia Green Berets ni walimu tu. Kweli?

Hilo "tu" ndilo linalonikera. Hawa ni vikosi maalumu vya jeshi la nchi kavu la Marekani, na timu yao ina watu 12: wawili wa silaha, wawili wahandisi, wawili waganga, wawili wa mawasiliano, na wanne waliobaki ni uongozi, mipango na upelelezi. Mbona wawili wawili? Ili timu ikigawanyika, kila nusu ibaki na mganga wake na mtu wake wa redio. Wanaingia kwa wenyeji, wanajifunza lugha yao, wanatibu wagonjwa, wanafundisha wapiganaji. Watu 12 wanaweza kuacha nyuma yao kikosi kizima. Kwangu mimi hii ni kazi ngumu kuliko kuvunja mlango.

Kwa nini Ujerumani iliwapa polisi kazi ya kuokoa mateka?

Baada ya wanamichezo na makocha 11 wa Israeli kutekwa na kuuawa wakati wa Olimpiki ya Munich, 1972, Ujerumani Magharibi ilihitaji kikosi haraka, lakini katiba inabana sana matumizi ya jeshi ndani ya nchi. Kikosi hicho, GSG 9, kikawa cha polisi. Oktoba 1977 kilikuwa Mogadishu, kwenye ndege ya Lufthansa iliyotekwa. Askari wa Somalia waliwasha moto mbele ya ndege ili kuwavuta watekaji macho. Wajerumani wakapanda ngazi na kufungua milango. Abiria wote 86 waliokolewa.

Sasa hao Delta hodari walishindwaje Iran?

Walitumwa kuwaokoa Wamarekani waliotekwa ubalozini Tehran, lakini hawakufika hata Tehran. Aprili 1980 helikopta 8 ziliondoka kwenye Nimitz, manowari ya kubeba ndege, na mpango ulihitaji zisizopungua 6. Vumbi la jangwani na hitilafu vikaziangusha hesabu: zikabaki 5 nzima. Operesheni ikafutwa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja ikagonga ndege ya mizigo, wakafa Wamarekani 8. Marubani hawakuwa wamezoea kazi ya namna ile, na kila tawi la jeshi lilikuja na watu wake. Ndipo Marekani ikaunda kikosi cha helikopta cha kuwahudumia makomando, na mwaka 1987 ikawapa kamandi yao moja.

Askari wa miavuli ni makomando?

Si lazima. Juni 1944 walishuka Normandy kwa maelfu kushika madaraja na njia panda hadi wenzao watoke ufukweni. Wakishatua, ni askari wa miguu.