Na mabango je?

Mhariri, swali lenu la wiki, kwamba wachezaji wazuiwe au wasizuiwe kuonyesha ujumbe wa kisiasa kwenye mashindano ya kimataifa, nililisoma kwa sauti barazani kwetu Ngamiani, watu wakasahau kahawa. Wengi walisema wazuiwe, mpira ni mpira. Mimi nasema wasizuiwe. Au wazuiwe wote, mwenye pesa akiwemo.

Agosti 2025 tulijazana kibanda umiza kuangalia Taifa Stars ikiifunga Burkina Faso 2-0 kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale uwanja wa Mkapa. Mashindano yenyewe yanabeba jina la TotalEnergies, na mabango yake yameuzunguka uwanja. Kwa mtu wa Mwanza hilo ni jina la kituo cha mafuta. Kwetu Tanga ni bomba la mafuta: kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, na kampuni hiyo ndiyo yenye hisa kubwa, asilimia 62. Mpwa wangu alipata kibarua huko, na mshahara ule nami nimeula, kwa hiyo msinidhanie chuki. Ila bomba hilo limebishaniwa mpaka mahakamani Ufaransa. Upande mmoja wa ubishi ukiandikwa uwanjani dakika 90, tunaita udhamini. Mchezaji akiinua mkono, siasa!

Februari 2024, Abidjan, kabla ya nusu fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kichwani kama bastola, wimbo wa taifa lao ukipigwa. Walikuwa wanawasemea watu wanaouawa mashariki ya nchi yao. Sijaona hotuba iliyonyamaza vile ikasikika vile.

Na wenye mashindano wanajua vizuri kwamba tangazo ni ujumbe. Kombe la Dunia 2010, Johannesburg, wanawake zaidi ya 30 walitolewa uwanjani kwa kuvaa gauni za rangi ya chungwa zilizohusishwa na bia isiyo ya mdhamini. Gauni tu, jamani.

Hapo mzee mmoja akanikata: "Na Bayi je?" Akanipata. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Filbert Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, aliyoiweka Christchurch 1974 mbele ya John Walker wa New Zealand. Walker akaenda Montreal, akabeba dhahabu. Bayi alipata fedha Moscow 1980, tena kwenye mbio za viunzi na maji. Linaniuma hadi leo, na bado nasema tulisusia kwa haki. Lakini ule ulikuwa uamuzi wa serikali, gharama akailipa mkimbiaji. Wale wa Abidjan walijiamulia wenyewe.

Mzee hakutosheka, akaniuliza: AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mtoto wa Tanga akiziba mdomo uwanjani kwa ajili ya Chongoleani, mpwa wako atampigia makofi?

Nikampigia simu mpwa palepale. Akacheka, akasema, "Mjomba, itategemea kama kibarua bado ninacho."

Msomaji, Ngamiani, Tanga