Usiisifu chembe yako kabla haijaonja seramu

Wewe unayeanza kazi ya kupachika peptidi (vipande vifupi vya protini) juu ya chembe nano, yaani chembe ndogo mno, za kubebea dawa, anza kwa kuifikiria damu. Wengi hufika maabara wakiwa wameshachagua peptidi waipendayo, kisha ndipo hutafuta chembe ya kuivisha. Lakini chembe ikishaingia kwenye damu, protini huiganda papo hapo, na gamba hilo la protini ndilo linaloonwa na seli. Zikiwamo protini za kinga, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vitu vigeni) wa ini na wengu huimeza chembe mapema sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walipitia machapisho ya miaka kumi: nusu ya matokeo yalionyesha kwamba kiasi kilichofika kwenye uvimbe wa saratani hakikuzidi asilimia 0.7 ya dozi. Kila ninapomwona mtu anashangilia picha ya seli zilizolowekwa kwenye bafa tupu (maji ya chumvi ya maabara yasiyo na protini za damu), naikumbuka namba hiyo.

Peptidi tunaipa kazi mbili zinazogombana: kuificha chembe na kuielekeza. RGD, peptidi ya asidi amino tatu iliyotambuliwa mwaka 1984, hushika integrini, vipokezi vya juu ya seli vilivyo vingi kwenye mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe. TAT, peptidi iliyotokana na protini ya virusi vya HIV, huingia karibu seli yoyote kwa sababu imejaa ajinini na lisini, asidi amino zenye chaji chanya. Chaji hiyohiyo huzivuta protini za damu. Peptidi zinazopishanisha lisini na asidi glutamiki ni jambo jingine. Chaji zake husawazishana, maji hujishikiza juu yake, na protini hukosa pa kung'ang'ania. Mgeni ningemwanzishia hapo.

Kama unatumia chembe za dhahabu, weka sisteini (asidi amino yenye salfa) mwisho mmoja wa peptidi, maana salfa yake hushikana na dhahabu kwa nguvu. Kisha tia chumvi. Mchanganyiko ukibaki mwekundu, gamba la peptidi limekaa. Ukigeuka zambarau au bluu, chembe zimegandana, na hakuna haja ya kupoteza seli zako. Ni jaribio la dakika chache na gharama yake ni ndogo mno, kwa hiyo usiliruke hata siku moja.

Osha peptidi iliyobaki huru. Usipoiosha, itawahi vipokezi na kuiziba njia chembe yako. Wala usidhani kwamba kujaza peptidi nyingi ni bora zaidi: zikisongamana hukosa nafasi ya kujikunja vizuri na kushika kipokezi.

Halafu seramu, majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda. Loweka chembe kwenye seramu kwa nyuzi 37, uzitenganishe kwa sentrifuji, uzioshe, upime ukubwa upya, ndipo uzipeleke kwenye seli, nazo seli ziwe na seramu. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba chembe za silika zilizopachikwa transferini (protini ya damu inayobeba chuma) zilipoteza uwezo wa kulenga kipokezi chake mara zilipovikwa protini za seramu, ingawa bado ziliingia ndani ya seli. Kwa hiyo kuingia peke yake hakuthibitishi kulenga.

Ndiyo maana ukiagiza RGD, agiza na RGE, peptidi ya kulinganishia, siku hiyohiyo. Tofauti yake ni asidi amino moja tu, tena ya chaji ileile, lakini integrini huishika kwa udhaifu sana. Zote mbili zikiingia kwenye seli sawasawa, kinachofanya kazi ni chaji au ukubwa wa chembe, na peptidi yako bado haijalenga chochote.