Jibu: Mashine ya soda ya kugusa skrini inagoma

Habari ndugu. Umesema hapo mgahawani Marekani skrini haisikii kidole, na fanta ikitoka ina ladha ya kola. Anza na kidole: kikaushe. Skrini hizi huhisi kidole kwa kuwa ngozi hupitisha umeme, sasa tone la maji ya barafu lililodondoka juu yake huzivuruga. Futa na kioo chenyewe kwa tishu. Kisha shikilia kitufe cha kumimina, usiguse na kuachia. Picha ya soda ikiwa imefifia, hiyo imekwisha, mwite mhudumu.

Ladha ya kola ni ya aliyekutangulia. Mdomo wa mashine ni mmoja kwa vinywaji vyote, kwa hiyo mwaga funda la kwanza ndipo uweke kikombe. Watoto wanaochanganya ladha sita foleni ikingoja, hao sina dawa yao.