Muulize Mama wa Ghala: Kichupa cha sumu na mtoto anayetambaa

SWALI: Shikamoo mama. Niko Ruangwa. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, bati juu, dari bado. Tangu tulipovuna mahindi panya hawatupi usingizi. Magunia manne tumeyapanga chumbani kwa kuyaegemeza ukutani, mawili yameshatobolewa. Juzi wametafuna mpaka kanga yangu iliyokuwa begini. Mume wangu amerudi kutoka mnadani na kichupa cha sumu, hakina maandishi yoyote. Anataka tupake kwenye dagaa tutege usiku. Nina mtoto wa miezi kumi, anatambaa. Nimemwomba asubiri nikuulize kwanza.
Mama mtoto, Ruangwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na mshukuru sana mumeo kwa kusubiri. Kichupa hicho kisifunguliwe. Kiwekeni juu, mahali pa kufungwa kwa kufuli, kisha mkikabidhi kwa afisa afya wa kata awaelekeze. Msikimwage chooni wala jalalani.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nami nilinunua kichupa kama hicho mwaka nilipohamia nyumba yangu hapa Mtwara, kwa kijana aliyekuwa akitembeza. Nilipaka kwenye vipande vya nazi nikavisambaza uani. Kulipokucha nilimkuta paka wangu amelala karibu na mtungi, amekufa, na kuku watatu wa jirani wamekufa nyuma ya choo. Panya sikumwona hata mmoja. Kuku niliwalipa, lakini jirani yule alikuwa na wajukuu wawili wadogo waliokuwa wakicheza uani kwangu kila asubuhi. Siku ile niliwahi kuamka kabla yao. Nikikumbuka hadi leo mwili unanisisimka.

Sumu isiyo na karatasi huijui ni nini, na mtoto akiigusa, daktari naye hajui aanzie wapi. Hata zile za dukani zenye maelezo hazifanani. Zipo zinazozuia damu kuganda. Hizo panya hafi papo hapo, hukaa siku kadhaa, halafu hufia juu ya kenchi au katikati ya ukuta, mkanuka nyumba nzima. Aliyeimeza kwa bahati mbaya anaweza kutibiwa kwa vitamini K hospitalini akiwahi. Ipo nyingine, zinki fosfaidi, unga wa kijivu cheusi, ambayo hugeuka gesi ya sumu tumboni, na hiyo haina dawa ya kuiondoa makali. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi sizitaki zote.

Nimeshika funguo za ghala la korosho miaka 19. Tulikuwa tunapokea magunia kuanzia Oktoba, na kilichotuokoa ni chaga za mbao, tochi na ufagio. Gunia halikai chini na haligusi ukuta. Tuliacha nafasi ya nusu mita kuzunguka, mtu apite na tochi. Panya hutembea akiuhisi ukuta kwa sharubu zake, hapendi kukatiza mahali peupe. Magunia yako yaliyoegemezwa ukutani yamemjengea njia ya siri, na nyuma yake ndiko anakozalia. Yavute leo hii.

Kisha subiri jua la saa sita. Funga mlango na madirisha, kaa humo ndani kwenye giza, tazama juu. Kila unapoona mwanga unaingia, weka alama kwa mkaa. Tundu linalopitisha kalamu linampitisha kipanya mdogo, na linalopitisha kidole gumba linampitisha panya wa paani. Kwenye nyumba za bati sehemu mbaya kuliko zote ni pale mawimbi ya bati yanapokutana na ukuta, na watu wengi hawapaangalii kabisa. Ziba kwa waya wa kusugulia masufuria uliosokotwa na kushindiliwa, juu yake saruji. Matambara na udongo mtupu atavitafuna, kwa sababu meno yake yanakua maisha yake yote na lazima ayasage kwa kutafuna. Ukinunua wavu wa dirishani, uwe wa chuma wenye matundu madogo. Wavu wa kuku haufai, vipanya wanapita wima. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati. Kama kuna tawi la mwembe au mkorosho linaloning'inia juu ya paa, likatwe mpaka kuwe na nafasi ya zaidi ya mita moja.

Mahindi yenyewe yakikauka vizuri yatie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Pipa la lita 200 hubeba kama gunia moja na nusu la kilo mia. Uliza pipa lilibeba nini kabla. Huku kwetu mapipa mengi yamepitia dawa za mikorosho, na hilo hata uoshe mara kumi usiweke chakula. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri kwa kuzuia dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, lakini jino la panya inapitisha, na ikishatobolewa hata dumuzi haizuii tena.

Waliobaki ndani watege. Chukua mitego ya springi minne au mitano, kila mmoja ndani ya boksi lenye tundu pande mbili ili mkono wa mtoto usifike, chambo kikiwa upande wa ukuta. Weka nazi iliyochomwa kidogo. Lakini siku tatu za mwanzo usiitege, weka chambo tu waache wale. Panya wa paani huogopa kitu kipya, akishazoea ndipo utege. Na usiache kutega baada ya juma moja kwa kuona kimya. Mimba ya panya ni wiki tatu tu.

Kinyesi chao usikifagie kikavu. Wewe uko Ruangwa, unakumbuka Julai 2022, homa ya mgunda, watu 20 walipotangazwa kuugua na watatu kufariki. Ile ni leptospirosisi. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vikaingia kwa mtu kupitia mchubuko, macho, au maji yaliyochafuliwa. Vaa glavu, nyunyiza klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, acha dakika kumi, ndipo ufute. Mtungi wa maji uwe na mfuniko saa zote. Akipata mtu homa kali na kuumwa kichwa au misuli, wahini kituo cha afya na mseme wazi kwamba nyumbani kuna panya. Antibayotiki husaidia zaidi zikianza mapema.

SWALI: Mama, huku Newala vijana wangu wanapenda samaki nchanga, yaani panya wa shambani. Siku hizi wanachoma hata panya wanaowanasa jikoni. Kuna ubaya?
Baba wa watatu, Newala

JIBU: Samaki nchanga nimekula kwa bibi yangu tangu sijaanza shule, sitakuambia uache chakula cha kwenu. Lakini yule ni wa shambani. Wa jikoni wazuie kabisa. Nimeeleza hapo juu kwamba sumu nyingine humchukua panya siku kadhaa. Anaweza kuila kwa jirani leo, akanaswa kwako kesho akiwa bado anakimbia, na moto wa kuchomea hauondoi sumu hiyo. Hata wa shambani, waulizie kwanza kwa bwana shamba kama eneo hilo limetegwa sumu msimu huu. Aliyeokotwa amekufa hatiwi jikoni. Na anayechuna asiwe na kidonda mkononi.

SWALI: Natundika dagaa kwenye msumari juu kabisa, nimewafunga mifuko mitatu, panya wanawafikia. Wanajuaje?
Dada wa Mikindani

JIBU: Kwa pua, mdogo wangu. Shirika la APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa, na wamefanya kazi hiyo hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Panya wako si buku, ila pua ya jamaa hawa ndiyo hiyo, mifuko mitatu haimsumbui. Tumia ndoo ngumu yenye mfuniko wa kubana, au debe. Ukitaka kuendelea kutundika, tumia waya mwembamba kutoka kwenye kenchi, mbali na ukuta, na katikati ya waya pitisha kipande cha bati cha duara chenye upana wa sinia. Akishuka anateleza pale. Dagaa wenyewe waanike tena juani kabla ya kufunika, wakiwa na unyevu wataoza humo ndani.