Ujumbe wa salio na hoja ya dunia ya kompyuta

Dada yangu, umeuliza kama mdogo wako, anayesoma maagizo ya siri katika ujumbe wa salio la simu na kudai kwamba dunia hii ni programu ya kompyuta, amepotoshwa na falsafa au anaumwa. Falsafa hiyo ipo: mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom alijenga hoja kwamba huenda tunaishi ndani ya uigaji wa kompyuta, lakini anazungumzia uwezekano tu, wala hamwambii mtu kwamba tarakimu za salio lake zimepangwa kwa ajili yake. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Daktari wa akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, aliyechunguza wagonjwa walioanza kuugua skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia), aliipa hali hiyo jina la apofenia mwaka 1958: mtu huona uhusiano usiokuwapo, na mambo ya kawaida humlemea kwa uzito wa maana. (Sote huona sura za watu mawinguni, huo si ugonjwa.) Kwa kuwa umesema hapati usingizi na ameacha kazi, usibishane naye wala usimcheke, bali mpeleke kwa daktari wa afya ya akili wiki hii, na umweleze daktari kama anavuta bangi.